Gereji ya Mwezini

Mzee alikuwa ameshavaa suti, ingawa kiatu cha kushoto hakikuwa na undugu wowote na cha kulia, na alikuwa amesimama mlangoni akidai apelekwe kituo cha televisheni akamfokee mkurugenzi.

"Leo sikukuu, Baba," binti yake alisema. "Ofisi zimefungwa."

"Jana pia ulisema sikukuu. Watu wa hapa wanafanya kazi lini?"

Mwalimu wa udereva, aliyekuwa amekaa kwenye kochi, aliinamisha kichwa ili asicheke.

Ugomvi wote huu ulikuwa juu ya Gereji ya Mwezini, kichekesho cha zamani kilichorushwa kwa msimu mmoja tu kisha kikakatwa. Shangazi mmoja mkali alifungua gereji mwezini kutengeneza vyombo vya anga. Msaidizi wake alikuwa roboti aliyejifanya ameishiwa chaji kila kazi nzito ilipoingia. Mteja wao mkubwa alikuwa na vichwa vitatu visivyoelewana hata mlango wa kutokea ni upi. Kilikatwa shangazi akiwa bado hajaamua kama anaiuza gereji au haiuzi.

Mzee alikutana nacho kwa bahati. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza kumlia miaka yake, ukianza na ya karibuni na kurudi nyuma. Kwa hesabu zake yeye bado alikuwa mwalimu wa hisabati, na asubuhi aliulizia chaki. Hakutaka kula, hakutaka kuoga, hakutaka wageni. Siku moja televisheni ikaonyesha kipande kifupi cha gereji ile katika kumbukumbu za vipindi vya kale. Roboti akazima macho. Mzee akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Binti yake, aliyekuwa akikunja nguo, alibaki ameshika shuka hewani. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia baba yake akicheka vile.

Alikitafuta kipindi kizima kila mahali. Kituoni walimwambia kanda zilishafutwa. Mwishowe akampata kwa simu mtunzi mwenyewe, ambaye siku hizi alikuwa akifundisha watu kuendesha gari. Akamweleza shida yake. Yule bwana alimwomba arudie jina la baba yake, kisha akamwomba alirudie tena, polepole.

Alikuja siku iliyofuata, nakala alizojiwekea za vipindi vyake zikiwa kwenye flashi mfukoni, lakini kizingitini akasita.

"Ananijua?"

"Hajui chochote, kaka. Na ukigeuka ukarudi, sitakulaumu."

Akaingia. Siku hiyo hakuitazama televisheni hata kidogo. Alikunja mikono, akamtazama mzee. Ilipofika pale vichwa vitatu vinapogombania kofia moja, mzee alimpigapiga mtunzi gotini kwa furaha, akamwambia kwamba mtu aliyebuni jambo hili ana akili za ajabu. Mtunzi alijibu kwamba kuna waliofikiri vinginevyo. Mzee akasema hao ni wapumbavu. Hapo ndipo mtunzi alipoicheka kazi yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

Tangu hapo alifika kila alipomaliza na wanafunzi wake. Vipindi vilipokwisha walivianza upya, na kwa mzee vyote vilikuwa vipya. Baadaye mtunzi akaanza kumsimulia yale ambayo hayakuwahi kurushwa: shangazi anaposwa na mkaguzi wa anga, roboti anagoma. Mzee alianza kula, maana roboti hakuruhusiwa kugoma mpaka sahani iwe tupu. Binti aliwasikia kutoka jikoni, akashindwa kujua amshukuru nani.

Tatizo ni kwamba mzee hakuridhika na simulizi. Alitaka kuona. Aliuliza kwa nini havionyeshwi, akaambiwa vilikatwa. Akauliza nani aliyekata; binti akamtazama mtunzi, mtunzi akasema ni mkurugenzi. Ndipo akatafuta suti.

"Tumpeleke tu, dada," mtunzi alisema sasa, akiinuka kwenye kochi. "Nimesubiri miaka mingi mtu aende akamwambie."

"Atakuja kuumia."

"Kesho atakuwa ameshasahau. Mimi ndiye ninayekumbuka."

Walikwenda na gari la mafunzo. Mzee alikaa mbele, kwenye kiti cha mwalimu, na kila alipokumbuka hoja mpya alikanyaga breki ya upande wake, gari likasimama katikati ya barabara. Binti, nyuma, aliwaomba radhi wenye honi kwa mkono.

Mapokezini walimkuta msichana mgeni kazini. Alimwamkia mzee kwa adabu, akasikiliza malalamiko yote: shangazi, roboti, vichwa vitatu, dhuluma waliyofanyiwa watazamaji. Akamweleza kwa upole kwamba aliyekuwa mkurugenzi zama hizo alishastaafu zamani. Kama anataka kumwona, picha yake ipo ukutani, pamoja na za wakurugenzi wengine.

Binti alimshika baba yake mkono. Mzee akajinasua, akaenda mpaka chini ya picha, akavaa miwani. Aliikagua kwa utulivu wa mtu anayesahihisha mtihani.

"Mtazame," alimwambia mtunzi. "Mtu wa mdomo kama huu utampelekea kichekesho?"

Msichana wa mapokezi aliitazama picha, akamtazama mzee, kisha akainuka taratibu kwenye kiti chake.

Mzee alisogea karibu zaidi, akakunja uso.

"Na tai yangu," akauliza, "ameitoa wapi?"