Viatu vya Mlangoni

Mlangoni pa ofisi ya mkuu wa mji palikuwa na lundo la viatu. Wenye viatu walikuwa kwenye foleni, pekupeku, juu ya saruji iliyopata moto wa jua.

Mwanakombo hakujiunga nao. Mwanawe alikuwa amewekwa mahabusu tangu jana, kosa lake kutosimama mkuu alipopita.

"Vua ndala, mama," alisema Shomvi, askari wa mlangoni.

"Humo ndani mna zulia?"

"Hamna. Ni desturi tu."

"Desturi ya nani, Shomvi? Bibi yangu alifagia humu enzi za yule gavana mgeni. Yeye ndiye aliyeamuru watu wavue viatu, wasimchafulie zulia lake. Tulipomfukuza akalikunja, akaenda nalo. Tukapiga vigelegele, tukapandisha bendera yetu, na kesho yake tukaja kuvua viatu kwenye sakafu tupu."

Mzee mmoja kwenye foleni akaguna. "Vua tu, binti yangu, usije ukatuharibia na sisi. Mambo haya huenda taratibu."

"Kwa taratibu zenu hizo mwanangu kalala chini."

Akaingia. Ndala zake zikasikika zikipiga sakafu, chapa, chapa, mpaka mwisho wa ukumbi.

"Nani huyo?" ilifoka sauti ya mkuu.

Shomvi aliangalia miguu yake mwenyewe, mitupu. Yule mzee akatoka kwenye foleni, akainama penye lundo, akaanza kuvitafuta vyake.