Kadi ya Ndayikeza

Jina lilipoitwa mara ya kwanza, Ndayikeza aliangalia chini. Lilipoitwa mara ya pili, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Kliniki ya matiti pale Kasulu ilikuwa imejaa wanawake waliokuwa wakisimuliana maradhi yao waziwazi, kama watu wanaoulizana bei ya maharage. Mmoja akamsogelea, akamsalimu kwa Kiha. “Mwidiwe. Wewe umemsindikiza nani?”

“Dada yangu,” akajibu Ndayikeza, na masikio yakamwaka moto. Hakuwahi kuwa na dada.

Benchi lilipobaki tupu ndipo akainuka. Mwajabu, muuguzi aliyehamia juzi tu kutoka Tanga, alikuwa amejaza kadi mapema, kwa jina na umri tu vilivyokuwa kwenye barua ya rufaa: Ndayikeza, miaka hamsini na minne, Ke. Akaitazama kadi, akamtazama Ndayikeza, akaitazama tena kadi.

“Ndiye wewe?”

“Ndiye mimi.”

Daktari Saady alikuwa na majibu ya damu mezani. “Mwilini zipo protini zinazolinda seli zisizaane ovyo. Moja kati ya zako ina kasoro tangu kuzaliwa. Mtoto anaweza kuirithi, anaweza asiirithi. Una watoto?”

“Mmoja, Prudence. Yuko Kakonko, ananyonyesha.”

“Anajua unaumwa?”

Ndayikeza akatikisa kichwa. Mwezi uliopita Prudence alipiga simu kusema ana uvimbe kwenye titi. Kule alikotibiwa walimuuliza kama kwao kuna mwenye saratani ya titi. Akajibu hakuna, basi wakamwambia ni maziwa tu, asubiri. Naye Ndayikeza, bandeji ikiwa kifuani, akamwitikia, “Afadhali, mwanangu.” Aliogopa kuchekwa kijijini kwake, Kitahana nzima. Kwa kuogopa kicheko akamwacha mwanawe wa pekee asubiri na uvimbe wake. Ni jambo la aibu kuliko ugonjwa wenyewe, na alilijua.

“Mpigie sasa hivi,” akasema daktari.

Prudence akapokea, mtoto akilia mgongoni.

“Rudi hospitali leo,” Ndayikeza akamwambia. “Waeleze kwamba kwetu saratani ya titi ipo.”

“Ipo? Kwa nani?” Prudence akauliza. “Ni mama, eti? Mama alikufa nayo mkanificha?”

Ndayikeza akaishika simu kwa mikono miwili. Marehemu asingeweza kukanusha. Neno moja tu la ndiyo lingetosha, na Prudence angerudi hospitali vilevile.

“Mama yako alikufa kwa presha, kama tulivyokwambia,” akasema. “Mwenye saratani ya titi ni mimi, baba yako.”