Wavamizi Wanaokaza Kanga

Siku hizo hakuna kiumbe wa gemu aliyeruhusiwa kutembea bila kuazima mwendo wa mtu aliye hai. Mwendo wa kukodi ulikuwa ghali, na kampuni alikofanya kazi Saumu ilikuwa na fungu la fedha za mwendo mmoja tu, nalo shujaa wa gemu yao alishalimaliza. Basi Saumu, mchoraji wao, akaazima wa mama yake, bure. Akauvika ngozi ya kijani na macho matatu, akauzidisha mpaka ukawa jeshi zima la wavamizi kutoka sayari ya mbali.

Ila mama ana mazoea yake: hatembei kidogo bila kusimama akakaza kanga kiunoni. Kuyafuta mazoea hayo kulitaka fungu jingine, ambalo halikuwepo. Kwa hiyo wavamizi nao, uchi wa mnyama, wakawa wanasimama kukaza kanga wasiyonayo. Wachezaji hawakuchelewa kugundua kwamba hapo ndipo pa kubonyeza kitufe cha risasi na kuwapiga.

Gemu ikavuma. Sasa mama akienda gengeni, watoto wa mtaani hujibanza ukutani, macho yote kiunoni mwake.

"Saumu mwanangu," akasema siku moja, "mbona watoto hawa hawaniamkii tena? Nimewakosea nini?"

"Wanacheza tu, mama."

Mama akaguna, akaelekea jikoni. Alipofika mlangoni akasimama, akashika pindo la kanga.

Saumu hakuwa na kitu chochote mkononi. Hata hivyo, kidole chake gumba kilibonyeza.