Alama za Bhavini

Suresh alifunga duka lake la Queensbury, London, mchana kweupe, akatia ufunguo mfukoni.

"Hapa hatoki mtu mpaka nijue binti yangu amefanya nini huko Uhispania. Kama amefeli, leo atanitambua!"

Akabwaga karatasi ya chuo mbele ya Lambert. Lambert, Mkongo wa Bukavu, alikuwa amesoma Valencia zamani, na karatasi zozote za Kihispania mtaani aliletewa yeye azitafsiri. Bhavini alikuwa nyuma ya baba yake, kabanwa kati ya magunia ya mchele na friji ya maziwa. Amekonda, maskini.

Lambert akasoma. Lo! Suspenso. Suspenso. Suspenso. Mstari kwa mstari, amefeli, amefeli, amefeli. Hata Kiingereza, jamani, mtoto aliyezaliwa London!

"Soma basi, bwana!" Suresh akagonga kaunta. "Hili neno kila mahali ni hilo hilo. Kwa Kiingereza ni nini?"

Lambert akainua macho. Bhavini alikuwa akimtikisia kichwa polepole, machozi yakimlengalenga. Usimwambie. Lambert alielewa, naye alikuwa na binti nyumbani. Suresh akikasirika, mtaa mzima hujua. Na mlango umefungwa, angemwachaje msichana mikononi mwake?

"Ni 'pass', Papa Suresh," akasema. "Mutoto amefaulu yote."

"Yote? Na Kiingereza?"

"Kabisa."

Suresh akacheka mpaka akakaa juu ya kreti la soda. Lambert akamkonyeza Bhavini: mambo yamekwisha, pumua. Msichana hakucheka. Bado alikuwa akitikisa kichwa.

Suresh akanyakua simu, akampigia rafiki yake wa tangu Kisumu. "Kailash! Mlisema hamchukui mkwe asiye na digrii, sivyo? Basi amemaliza! Mwambie kijana wako ajitayarishe, harusi ni mwezi ujao!"

Akaingia stoo kutafuta mithai, vitamu vya Kihindi, ampe Lambert, huku akiimba kwa sauti mbaya.

Bhavini alisogea kwenye kaunta. Siku zote ukimsemesha Kiswahili alikujibu Kiingereza. Safari hii alisema Kiswahili, kwa kunong'ona.

"Anko, mwaka mzima nimejikaza nifeli."