Mkaguzi wa Pumzi

Mgonjwa wa nne alikuwa anakoroma. Bi Viungo akatazama saa, akaandika kwenye ripoti yake: "Anakoroma."

Alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya mlango, wiki ya nane sasa, akikagua upuuzi. Hivyo ndivyo alivyouita. Watu wazima saba wamelala kwenye mikeka mchana kweupe, macho wamefumba, na kijana mmoja mwenye sauti laini anazunguka peku kati yao akisema, "Vuta pumzi. Achia. Uambie mgongo wako asante."

Hospitali nzima ilimwita Bi Viungo kwa sababu kwa miaka thelathini na moja alikuwa amekunja na kukunjua kila goti lililoletwa pale. Yeye hakumbembeleza mtu. Alimwambia mgonjwa simama, na mgonjwa akasimama, hata kama ni kwa kumwogopa. Sasa wamemletea huyu Bwana Pumzi, mwenye cheti cha fiziotherapia kama chake, tena cha juu zaidi, halafu anafundisha watu kupumua, kitu ambacho hata mbuzi hakukisomea.

Mkuu wa hospitali ndiye aliyemtuma Bi Viungo akague. "Mama, wewe si mtu wa kudanganyika," alimwambia. "Kaa naye wiki nane. Ukisema darasa lifungwe, nalifunga."

Bi Viungo alitoka ofisini humo akitembea kama bibi harusi. Aliuhitaji ushindi huo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Bega lake la kushoto lilikuwa limekaza tangu mwaka jana, mkono hauvuki usawa wa kifua. Wenzake watatu walijaribu kumpima, akawafukuza. Mtaalamu wa viungo asiyeweza kuinua mkono wake mwenyewe huhamishiwa dirisha la kupokea kadi, na huko angekufa kwa aibu. Basi alivumilia kimya. Juzi alianika shuka kambani bila kumwita binti yake, akajisifu kwamba ukaidi nao ni dawa.

"Sasa tushike kamba," alisema Bwana Pumzi.

Hapo ndipo damu ya Bi Viungo ilipochemka kila wiki. Kamba ilipita kwenye kapi lililofungwa juu ya mlango, na kapi lenyewe lilitolewa chumba chake cha mazoezi bila hata hodi. Mgonjwa alishika ncha moja. Ncha ya pili aliishika mkaguzi, apime kama mgonjwa anavuta kweli au anazuga. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kalamu, kwa hiyo kamba ilikwenda kushoto.

"Mama, hesabu pumzi zake," Bwana Pumzi alimnong'oneza. "Akijua anahesabiwa ataziharibu. Na upumue pamoja naye, usije ukapotea."

"Nilikuwa nahesabu pumzi za watu kabla mama yako hajaolewa."

"Ndiyo, mama."

Yule mkoromaji mnene aliamshwa, akavuta kamba taratibu kila alipotoa pumzi. Bi Viungo alihesabu, akipumua naye, macho kwenye mshale wa saa. Bwana Pumzi akachora alama ya chaki ukutani kando ya stuli, juu kidogo ya ile ya wiki iliyopita. Bi Viungo akaandika: "Anachafua ukuta."

Darasa lilipokwisha akawakazia wagonjwa macho. Yule mnene aliinuka mkekani kama mtoto aliyesikia chakula kimeiva. Mama mmoja, aliyedai mgongo umemvunjika vipande viwili, alikuwa ameinama anafunga viatu huku akipiga soga. Bi Viungo nusura acheke. Hawa watu hawakuwa wanaumwa chochote.

Kesho yake alisoma ripoti mbele ya mkuu, Bwana Pumzi amekaa pembeni na faili mapajani. Alisoma kwa sauti ya kusikika korido nzima. "Darasa hili ni mchezo wa kuigiza. Katika watu saba, hakuna hata mmoja mwenye maradhi. Nashauri lifungwe."

"Ni kweli," alisema mkuu. "Linafungwa leo."

Bi Viungo alimgeukia Bwana Pumzi ili auone uso ukimshuka. Haukushuka.

"Wale ni shangazi na wajomba zangu," alisema kijana. "Yule mnene ni shemeji. Wamechoka kulala chini, watashukuru." Akaweka faili mezani, akalisukuma taratibu mbele yake. "Mgonjwa alikuwa mmoja tu."

Bi Viungo alilifungua kwa ncha ya kidole, kama mtu anayefunua kitu kilichooza. Juu ya ukurasa palikuwa na jina lake. Chini yake: "Bega la kushoto. Wiki ya kwanza, mkono unapanda nyuzi sabini. Wiki ya nane, nyuzi mia na thelathini. Mgonjwa ana hasira, na bado hajui."