Cha Nne

Majibu ya kipimo yalichelewa. Yalifika mke wangu ameshalala kwenye kitanda cha kliniki, na kiinitete chetu cha mwisho, mimba changa iliyotungwa maabara, kimeshatolewa kwenye barafu.

Daktari alisoma, akavua miwani. "Mama, seli za kinga kwenye mji wa mimba ni nyingi kupita kiasi. Huenda ndizo zilizovikataa vile vitatu tulivyoweka kwanza. Hakika sina."

"Sasa?" nikauliza.

"Tukikiweka leo, huenda zikakikataa nacho. Tukikirudisha kwenye barafu, huenda kisiamke tena. Semeni, hakisubiri."

Mke wangu alinishika kidole gumba. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, kimelowa jasho.

"We mwanamume, nyumbani unanguruma kama jenereta, hapa umekuwa bubu? Mimi nimechoka kuamua. Sema wewe."

Mimi ni seremala. Ubao nikiukata vibaya, nachukua mwingine.

"Weka," nikasema.

Mrija mwembamba uliingia na kiinitete, ukatoka mtupu. Mke wangu alifumba macho, kidole changu hakukiachia.

Tulikuwa na viinitete vinne. Vitatu vilifia tumboni. Cha nne nimekipeleka humo humo, kwa neno langu moja.