Sharti la Mwisho la Mutsinzi

Kuku alichomoka kwapani mwa Mukasine, akarukia meza ya mkurugenzi na kunya juu ya masharti ya shahada ya uzamivu ya takwimu za afya.

"Hata yeye yamemchosha," Mukasine alisema.

Silvère, mkurugenzi wa masomo ya ng'ambo, hakucheka. Alipangusa karatasi kwa leso, akaanza kusoma. Mutsinzi, mwana wa pekee wa Mukasine, alikuwa Ubelgiji tangu mwaka wa 1988. Masomo ya darasani amemaliza. Mtihani mkuu amefaulu. Tasnifu ameandika.

"Basi mrudishe Kigali. Mchumba wake anangoja, na mimi ni mjane, sina mtu."

"Bado somo moja, Mama. La kukadiria nani ataendelea kuishi, na kwa muda gani."

"Kuishi nako kunafundishwa Ulaya?"

"Ni sharti."

Hata kuku aliyeletewa zawadi Silvère alimkataa. Mukasine akamrudisha mtaani kwake Gitega, kwenye kibanda chake cha maharage, karibu na cherehani ya fundi Maneno.

"Iko nini tena, Mama Mutsinzi?" Maneno aliuliza.

"Sasa wanamfundisha kuishi."

Maneno alicheka mpaka uzi ukakatika. "Huyo bwana anataka ng'ombe. Kuku iko kidogo."

Mutsinzi alifaulu somo hilo. Silvère akagundua kwamba mtaalamu wa takwimu hawezi kuitwa mtaalamu bila Kiflamandi. Mutsinzi alijifunza Kiflamandi. Ikatakiwa makala katika jarida. Makala ilitoka, Silvère akasema jarida lenyewe ni jembamba. Kisha ikafaa afundishe wengine mwaka mzima, kwa sababu asiyefundisha hajui anachojua.

Gitega walishaelewa. Mtoto wa Silvère alikuwa ameanguka mtihani wa sekondari, na baba yake hakutaka mtoto wa mwenzake aitwe daktari. Tena mtoto wa mjane, wa kabila ambalo, likisomwa kwenye kitambulisho, mwenyewe alifungiwa milango mingi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1994 Mukasine alipanda tena ngazi za ofisi. Alimkuta Silvère dirishani. Chini barabarani vijana walikuwa wakipita kwa mwendo wa kijeshi, wakiimba, marungu mabegani.

"Majirani zako bado wanakusalimia?" Silvère aliuliza bila kugeuka.

"Wewe ndiye usiyenisalimia. Nimeuliza habari ya mtoto wangu."

Alifunga pazia. "Rudi mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu Silvère alikuwa akija kazini kwa miguu. Gari lake lilikuwa limeuzwa.

"Pombe," Mukasine alimwambia Maneno.

Na sharti la safari hii lilipita yote.

"Siku ya kutetea tasnifu," Silvère alisema, "mzazi lazima awepo. Ana kwa ana, Bruseli. Ni baada ya Pasaka."

"Mimi? Mimi niliishia darasa la pili!"

"Hutaulizwa kitu. Utakaa tu." Alifungua mtoto wa meza, akatoa pasipoti na tikiti. Pasipoti ilikuwa na picha ya Mukasine, ile aliyowahi kuiacha ofisini humo akadhani waliipoteza. "Serikali inalipa. Na usirudi kabla hajapewa shahada mkononi. Ukirudi mapema, inafutwa."

Mukasine alizitia kwapani.

"Mungu atakulipa kwa unayonifanyia," alisema, kama mtu anayetema mate.

"Amina," Silvère alijibu.

Maneno alimshonea vazi jipya, akakataa kuchukua chochote. "Utanilipa ukirudi. Mimi niko hapa hapa, nitakwenda wapi?"

Jumatatu ya pili baada ya Pasaka, Mukasine na mwanawe waliingia chuoni Bruseli. Hawakuwa wamelala siku kadhaa kwa ajili ya habari za mauaji ya Kigali redioni, lakini sharti ni sharti. Mukasine alivaa vazi la Maneno, akaketi mstari wa mbele. Ukumbi ulikuwa mtupu. Aliingia profesa peke yake, mzee mwembamba, akaketi karibu nao na kuzungumza kwa sauti ya chini.

Mutsinzi alisikiliza. Mukasine alimvuta mkono.

"Anasema nini? Umeshindwa?"

"Anasema shahada yangu ilikuwa tayari tangu mwaka juzi, Mama. Kila nilipotaka kurudi, Bwana Silvère alimpigia simu, akimsihi anitafutie sharti jingine. Hili la mzazi, anasema, hajawahi kulisikia."

Mukasine aliomba wampigie Silvère simu, sasa hivi. Profesa alisema amejaribu tangu Alhamisi.